Nyumba ya Jiwe Jekundu

Mama mkwe wangu mtarajiwa alikuja kunidharau akiwa amevaa gomesi niliyomshonea mimi mwenyewe.

Aliletwa na baiskeli ya boda, amekaa upande, mkoba mapajani, na mwenye baiskeli alikuwa amelowa jasho mpaka shati limemng'ang'ania mgongoni. Aliposhuka hakumshukuru. Alijikung'uta vumbi la mtaa wa Burumba, akanyoosha mshipi wake wa hariri, akaniangalia kuanzia utosini hadi kwenye viatu vyangu vya raba. Kisha akamgeukia mwanawe, kana kwamba mimi sipo.

"Huyu amefika saa ngapi?"

"Amefika mapema, Mama," Josphat akajibu.

"Basi hana kazi."

Kazi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeacha nguo za watu Malaba zikiwa nusu nusu, suruali moja haina hata zipu, nikapanda basi la asubuhi kuja Busia kwa ajili ya pete yangu. Ulimi ulinicheza, nikaumeza. Nilinyamaza kwa ajili ya Josphat, kama nilivyokuwa nikinyamaza tangu mahari ianze kuzungumzwa, na kusema kweli kunyamaza kwenyewe kulikuwa kumeanza kunichosha.

Lakini nilimpenda. Nisiwafiche. Josphat Wabwire alikuwa karani wa malori pale mpakani, na mtu yeyote aliyewahi kumwona kazini atakwambia alikuwa mwanaume hasa. Dereva mwenye kifua kipana akimletea jeuri, Josphat alikuwa akimtazama tu, anamwambia neno moja kwa sauti ya chini, na dereva anavua kofia. Sauti ile ndiyo iliyoniponza. Ukimsikia akisema "Akiror" utadhani jina langu limetengenezwa ili alitamke yeye. Nilikuwa nikiisikia hata nikiwa naendesha cherehani, nikajishona kidole mara moja kwa sababu yake.

Mbele ya mama yake, sauti ile ilikuwa inaenda mahali nisipopajua.

Jiwe alinipa mwaka uliotangulia, nyuma ya stesheni ya Malaba, garimoshi la mizigo likipita kuelekea Tororo na kututetemeshea ardhi chini ya miguu. Alifungua leso akanionyesha. Lilikuwa jekundu la kukolea, limeshachongwa, kadiri ya punje ya hindi. Alilinunua kwa dereva mmoja wa Voi, na alikuwa amelibeba mfukoni wiki nzima akiogopa kunipa. Alisubiri mabehewa yote yapite ndipo akasema:

"Jiwe nimetafuta mimi. Nyumba yake utachagua wewe. Mkono ni wako, Akiror, siwezi kukuchagulia kitu cha kukaa kwa mkono wako."

Ningemkubali kwa maneno hayo hata kama angenipa kokoto ya reli. Nililitia jiwe katika kopo langu la vifungo, na kila jioni kabla ya kufunga kazi nilikuwa nalitoa nalitazama kidogo, halafu nalirudisha. Rafiki zangu walinicheka. Niliwaacha wacheke, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuambiwa kwamba mkono ni wake.

Sasa harusi ilikuwa imetangazwa kanisani Butula, na nyumba ya jiwe, yaani pete yenyewe, ilikuwa haijajengwa. Josphat aliniambia tukutane kwa Mutua, sonara, tuchague. Hakuniambia kwamba anakuja na mama yake, Mama Wilkista.

Mutua alikuwa Mkamba aliyekuja na malori, akaona wanawake wa mpakani wanapenda hereni kuliko chakula, akabaki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya duka la vitambaa. Hakuwa na adabu kwa mtu yeyote na watu walimheshimu kwa sababu hiyo. Alikaa nyuma ya meza yake, taa ya kuyeyushia ikiwa imezimwa, akatutazama sisi watatu kama watu waliomletea saa mbovu.

"Ni nani anaoa hapa?" aliuliza.

"Mimi," Josphat akasema.

"Na hii mama?"

"Ni mama yangu."

"Aha," Mutua akasema, na hiyo "aha" ilikuwa na mengi ndani yake. Nilimpa kopo la vifungo. Akalimwaga mezani, akachagua jiwe kati ya vifungo, akalishika kwa kibano na kulitazama mwangani. "Si mbaya. Sasa mnataka ishikwe namna gani? Kwa sababu hii ndiyo mambo. Watu wanakuja hapa wanaongea juu ya dhahabu, dhahabu. Dhahabu haiwezi kupotea yenyewe kwa kidole. Jiwe ndio inapotea."

Akaweka mbele yetu pete mbili za shaba alizokuwa anazitumia kuonyesha wateja, kila moja ina kipande cha kioo.

"Hii ya kwanza ni ya kucha. Kucha nne, ndefu, zinainua jiwe juu. Mwangaza inaingia kutoka chini, jiwe inawaka. Mtu akikaa kule nyuma kabisa ya kanisa anaona. Lakini kucha ni kucha. Itashika nguo, itashika nywele, itashika blanketi. Siku moja kucha moja inafunguka kidogo, haujui, unafua nguo mtoni, jiwe inaenda na maji."

"Na hiyo nyingine?" niliuliza.

"Hii nazungushia ukingo ya dhahabu jiwe yote, halafu naikandamiza pole pole mpaka inalala juu yake. Jiwe inazama. Haiwaki kama ile. Lakini ulime, ufue, upige mtu ngumi, haitoki."

Nilivaa ile ya ukingo kwenye kidole changu cha kushoto. Mkobani nilikuwa na vipande vya vitambaa, havikosi; nikatoa kipande cha hariri nikakipitisha juu ya pete. Kikateleza bila neno. Nikavaa ile ya kucha, nikakipitisha tena. Kikanasa palepale, uzi mmoja ukavutika na kuacha mstari katikati ya kitambaa.

"Mkono wangu wa kushoto ndio unaongoza kitambaa chini ya sindano," nikamwambia Mutua, ingawa nilikuwa nikimwambia Josphat. "Nikivaa hii ya kucha, kila nguo ya mteja itatoka na makovu. Tuchukue ya ukingo."

Nikamtazama Josphat, nikatabasamu. Alitabasamu pia. Kwa muda mfupi tulikuwa tena nyuma ya stesheni, sisi wawili tu, na moyo wangu ukatulia.

"Kwani utakuwa unashona?" Mama Wilkista akauliza.

Alikuwa amekaa kwenye stuli pekee iliyokuwepo bila kukaribishwa. Alisema polepole, kwa upole ule wa watu wanaokuzika.

"Nashona, Mama. Ndiyo kazi yangu."

"Ni kazi yako sasa. Nauliza ukishaingia kwangu."

"Hata nikishaolewa."

"Sikia huyu!" Akacheka, akamgonga Josphat goti. "Msichana, wacha nikuelimishe. Mke ya karani hakai kwa baraza ya duka ya Mhindi na cherehani, anainamia wanaume kupima suruali. Leo unapima mguu ya Mganda, kesho ya turnboi ya lori amelewa. Halafu jioni unakuja kupikia mwanangu na hiyo mikono? Wilkista wangu ameolewa na mwalimu, tangu aolewe hajashika kitu ya kuchosha. Hata maji analetewa."

"Lakini hiyo gomesi umevaa nimeshona mimi, Mama. Ulikuja mwenyewe Malaba."

"Hiyo ulishona kabla ya posa. Ulikuwa fundi. Fundi naweza kumtuma kazi." Akaipapasa gomesi yake magotini. Ilikuwa imemkaa vizuri, nakubali bila aibu. Mabega yamesimama, shingo imekatwa mraba sawasawa, vifungo viwili vya pembeni nilivitafuta duka kwa duka mpaka Tororo. "Sasa wewe ni mtu ya nyumba. Mutua, weka ya kucha. Mimi nataka pete ionekane. Nilitaka kijana wangu aoe kwetu Marachi, msichana amelelewa akajua kukaa na watu. Roho yake ikaenda kwa Wateso. Sawa, nimenyamaza. Lakini angalau pete iwake kanisani, watu waache kuulizana ameona nini."

Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Baba yangu, mzee Okedi, alikuwa amempokea mwanamke huyu kwa kuku wawili na kiti chenye mto, na mwanamke mwenyewe alikuwa amekula kuku wote wawili.

"Watu wakitaka kujua ameona nini, si wamuulize mwenyewe?" nikasema. "Yuko hapa. Ana mdomo. Josphat, wewe unataka gani?"

Wote tukamgeukia, hata Mutua. Josphat alikuwa amevaa viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri, na akavitazama kama mtu aliyeletewa viatu vya mtu mwingine. Nilijua anakumbuka. Nilijua kwa sababu masikio yake pia yalikuwa yameiva.

"Zote mbili ni nzuri," akasema.

Kuna wanaume wanaomtukana mwanamke kwa maneno mia na asisikie maumivu niliyoyasikia kwa maneno yale manne. Zote mbili ni nzuri! Karani anayepanga malori yote ya mpakani, anayejua lipi litangulie na lipi lisubiri, ameshindwa kupanga pete mbili.

"Umemsikia," Mama Wilkista akasema. "Hana neno. Leta hiyo ya kucha nione."

Akaichukua, akaivaa kwenye kidole chake kidogo maana kwingine haikupita. Akanyoosha mkono juu, akaugeuza huku na huku, akijitengenezea uso wa kanisani. "Ona! Hata kioo tu kinawaka. Ikiwa jiwe yenyewe?" Halafu akateremsha mkono kwa madaha, kama bibi mkubwa anayepumzisha mkono mapajani, akaupitisha juu ya mshipi wake.

Tulisikia sote. Mlio mdogo tu, lakini fundi huujua hata akiwa usingizini. Kucha moja ilikuwa imeshika hariri, na yeye badala ya kutulia akavuta. Uzi ukavutika ukatoka, mshipi ukajikunja kuanzia kiunoni hadi karibu na ncha, na hariri yote ikafanya makunyanzi.

Mutua akacheka wazi wazi. "Si nilisema? Kucha ni kucha."

Nilidhani sasa yameisha. Nilikuwa mjinga kiasi hicho. Nilidhani mtu akishanaswa na kitu mwenyewe, mbele ya mashahidi, anaweza kuona aibu kidogo na kusema, basi tuchukue ile nyingine. Mama Wilkista aliuangalia mshipi wake, akaniangalia mimi, akakunja uso.

"Mbona umesimama? Tengeneza."

"Mama," nikasema, "nimesikia watu wa nyumba yako hawashiki sindano."

"Utanijibu mbele ya watu? Nitapita sokoni namna hii?"

Ningeweza kutoka. Hata leo naona ningetoka pale pale. Lakini ile hariri niliijua. Niliikata kwa mkono wangu, nikaipinda kingo usiku na mchana, na haikuwa na kosa lolote isipokuwa mtu aliyeivaa. Nilitoa sindano mkobani, nikapiga magoti kwenye sakafu ya Mutua, nikaanza kuuvuta uzi ule upande wa ndani kidogo kidogo, huku nikiinyoosha hariri kwa kidole gumba.

Na yeye, nikiwa nimepiga magoti miguuni pake nikimwondolea alichokifanya, akaendelea kuongea juu ya kichwa changu.

"Hiyo ya kucha, Mutua. Na kucha ziwe ndefu kuliko hizi."

"Ndefu kuliko hizi? Mama, imekuharibia nguo sasa hivi."

"Mimi sikuzoea. Yeye atazoea. Si atakuwa amekaa tu? Akikaa mikono imetulia, itashika nini?"

Mkono wa Josphat ulikuwa karibu na uso wangu. Ningeweza kuugusa kwa shavu. Mkono ule nilikuwa naujua. Kovu dogo kwenye kiganja alilolipata akifunga turubai, kucha zilizokatwa fupi, harufu ya sabuni na karatasi. Niliusubiri. Nilijisemea, akinigusa bega tu, asiseme kitu, aniguse tu bega mama yake akiona, nitavaa hata kucha kumi. Nilishona pole pole kumpa nafasi.

"Mama," akasema hatimaye, na moyo ukanilipuka kwa furaha. "Labda..."

"Labda nini?"

Nilisimamisha sindano.

"Labda tupate soda kwanza. Jua ni kali."

Niliendelea kushona. Kitu kilikuwa kimekatika ndani yangu na hakikutoa hata mlio. Nilimaliza, nikakata uzi kwa meno, nikausawazisha mshipi mpaka hakuna jicho lingeweza kugundua. Mutua alikuwa ameshatoa vile vipimo vyake, pete nyingi tupu zilizofungwa pamoja kwenye waya.

"Mimi nafanya ya mwenye kulipa," akasema. "Mama ameshasema kucha, ni kucha. Leta kidole, dada, nipime."

Nikasimama nikajipangusa magoti.

"Mpime Mama," nikasema.

"Nini?"

"Mpime yeye. Si ndiye amechagua?"

Mama Wilkista aliinuka, stuli ikaanguka nyuma yake. "Wewe msichana unasema nini?"

"Nasema Mutua akupime kidole, Mama. Mnataka pete ya mkono ambao haushoni. Mimi ninayo ya kushona tu, yote miwili. Wako unatosha vizuri, haufanyi kitu. Ila akupime chanda kikubwa, ya kidole kidogo itakubana." Nikakusanya vifungo vyangu kimoja kimoja kutoka mezani, nikavirudisha kwenye kopo. Jiwe sikulichukua. Lilikuwa bado kwenye kibano cha Mutua, jekundu, zuri, na nilitamani kulitazama mara ya mwisho, nikajizuia. "Na mshipi uko sawa. Hiyo nimekufanyia bure."

Nikatoka nje kwenye jua.

Nilikuwa nimefika nyuma ya ukuta wa mabati niliposikia viatu vyake. Nilivijua bila kugeuka. Josphat alinishika mkono, ule wa kushoto, akanivutia kwenye kivuli, na hapo, Mungu anisamehe, mwili wangu wote ulitaka kumwegemea.

"Akiror," akanong'ona. Sauti ile ile. "Akiror, tafadhali. Usiende namna hii."

"Niende namna gani?"

"Unajua Mama. Akishaanza huwezi kumkatiza. Lakini mimi sijasahau. Nitarudi kesho peke yangu nimwambie Mutua aweke ukingo. Nakuapia. Atajua siku ya harusi, na siku ya harusi atafanya nini?"

"Na cherehani?"

"Utashona. Nani amekukataza? Mimi sijakukataza." Akainua mkono wangu, akagusa kidole kile kwa mdomo wake. "Mkono ni wako. Si nilikwambia?"

Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa na machozi kweli, hakuwa anaigiza. Alinipenda mwanaume yule, alinipenda kabisa, nyuma ya stesheni na nyuma ya ukuta wa mabati. Hapo nikamdharau kuliko nilivyomdharau mama yake, maana mama yake alinitukana uso kwa uso, mbele ya sonara, kwa sauti yake yote.

"Uliniambia," nikasema. "Sasa ingia ndani umwambie yeye. Maneno hayo hayo. Mimi nitasimama mlangoni. Ukishasema, hata akinitupia stuli, nakuja nasimama karibu na wewe na tunaoana."

"Nitamwambia. Jioni, akishatulia."

"Sasa, Josphat."

"Akiror..."

"Sasa! Yuko hapo! Ni bati tu limewatenganisha!"

Alitupa macho kwenye ukuta. Akaniwekea kidole mdomoni mwangu, taratibu, kama unavyomnyamazisha mtoto penye mgonjwa aliyelala.

"Punguza sauti," akasema. "Mama atasikia."

Niliondoa kidole chake. Nikageuka nikautazama ule ukuta, nikajaza kifua pumzi yote ya Burumba, nikapiga mabati kwa ngumi mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Mama Wilkista!" nikapaza sauti. "Mama Wilkista! Josphat ana neno anataka kukwambia!"

Halafu sauti yake ikatoka ndani, nzito, haina haraka.

"Neno gani?"

Josphat alifungua mdomo. Namkumbuka hivyo mpaka leo, amesimama kwenye kivuli cha bati, mdomo wazi, macho kwangu. Nilimsubiri. Nilimwombea, hata.

"Hakuna, Mama," akaita, kwa sauti safi ya kijana mwema. "Anatania tu."

Nilibana kopo langu la vifungo kwapani nikaelekea barabarani kutafuta basi la Malaba. Nililia njiani, sikujificha, na mtu aliyetaka kunitazama alinitazama. Jioni ile niliweka zipu kwenye ile suruali.